Je, Kiswahili changu kinakinyima Kihakka nafasi kwa mwanangu?

Swali: «Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nimeolewa na ninaishi Taipei, Taiwan. Mume wangu ni Mhakka, yaani wa jamii ya Wachina wenye lugha yao wenyewe, Kihakka, na wazazi wake wako Miaoli, mkoa wa Taiwan wenye Wahakka wengi. Binti yetu ana miaka mitatu. Mimi huzungumza naye Kiswahili, baba yake huzungumza naye Kimandarini, yaani Kichina rasmi, na sisi wawili tunazungumza Kimandarini kwa kuwa ndiyo lugha tuliyokutana nayo. Mama mkwe huja kukaa nasi siku chache kila mwezi. Alipokuja mara ya mwisho aliniambia, kwa upole lakini aliniambia, kwamba Kihakka kinakufa katika ukoo wao, na kwamba huenda mtoto angekishika kama tusingemjazia lugha ya mbali kichwani. Akanitajia na methali yao, kwamba ni heri kuuza shamba la mababu kuliko kusahau maneno ya mababu. Mume wangu alinyamaza. Yeye anaelewa kila anachoambiwa na mama yake kwa Kihakka, lakini humjibu kwa Kimandarini. Mama naye akicheza na mjukuu wake hutumia Kimandarini. Kihakka ninakisikia anapoongea na dada yake kwenye simu. Mtoto ataanza chekechea Septemba, na nimeambiwa kwamba shule za msingi zinafundisha Kihakka. Je, niache Kiswahili kwa muda ili Kihakka kipate nafasi? Na shule itatosha?»

Jibu: Dada msomaji, kwa swali lako la kwanza jibu ni hapana. Usiache Kiswahili, hata kwa muda. Kwa swali la pili jibu pia ni hapana: shule haitatosha, ingawa inaweza kusaidia. Naomba usome maelezo yote kabla hujamwonyesha mama mkwe majibu haya mawili, kwa sababu anacholalamikia ni kweli tupu, ila lawama ameitupia mahali pasipo pake.

Ushauri wake umejengwa juu ya dhana kwamba kichwa cha mtoto ni kama debe, kwamba ukishatia Kiswahili ndani, nafasi iliyobaki kwa Kihakka ni ndogo. Dhana hii inaaminiwa na watu wengi, wakiwamo walimu na madaktari kadhaa, lakini haipatani na yale tunayoyaona kwa watoto wanaokua na lugha mbili au tatu kila pembe ya dunia, wala haipatani na historia ya Wahakka wenyewe. Taiwan ilitawaliwa na Japani kuanzia 1895 hadi 1945. Mhakka aliyezaliwa huko katika miaka ya 1920 alisoma kwa Kijapani, alifanya biashara na majirani kwa Kihokkien, ambayo ni lugha ya Wataiwani walio wengi, kisha utawala ulipobadilika akalazimika kujifunza Kimandarini akiwa mtu mzima. Kihakka hakikumtoka kwa ajili ya hizo nyingine, kwa sababu nyumbani na shambani watu wote aliokuwa nao walikuwa wakimsemesha kwa Kihakka. Huenda wazazi wa mama mkwe wako walikuwa watu wa namna hiyo. Muulize, nadhani atafurahi kusimulia.

Kinachoamua kama mtoto ataizungumza lugha ni muda anaosemeshwa kwa lugha hiyo, na kama kuna mtu anayemhitaji ajibu kwa lugha hiyo hiyo. Nimesema kusemeshwa, sikusema kusikia. Mtoto anayecheza sakafuni wakati bibi yake anaongea na dada yake kwenye simu anasikia Kihakka, lakini hakuna neno hata moja lililoelekezwa kwake, hakuna swali analotakiwa kulijibu, hakuna kikombe anachoambiwa akilete. Kwa umri wake, mazungumzo ya namna hiyo ni sauti tu za nyumbani.

Sasa yarudie maelezo yako mwenyewe na uhesabu nani anamsemesha binti yako kwa lugha gani. Kiswahili kina mtu mmoja, nawe ndiye huyo. Kimandarini kina baba, kina bibi, kina maongezi ya wazazi mezani, kina majirani, televisheni na mtaa mzima, na kuanzia Septemba kitakuwa na mwalimu na watoto wenzake. Kihakka hakina mtu hata mmoja. Ukiacha Kiswahili leo, saa zako hazitakwenda kwenye Kihakka, kwa kuwa hukijui. Zitakwenda kwenye Kimandarini, ambacho tayari kimeshika nyumba. Mama mkwe atakuwa amepoteza kile anachokililia, nawe utakuwa umepoteza chako, na hakuna aliyefaidika.

Mwanaisimu Annick De Houwer alichapisha mwaka 2007 uchunguzi wa karibu familia 1,900 za Flanders, nchini Ubelgiji, ambazo kwao angalau mzazi mmoja alizungumza lugha nyingine isiyo Kiholanzi. Karibu robo ya familia hizo zilikuwa na watoto wasioizungumza kabisa lugha hiyo nyingine. Tofauti kubwa ilitokana na namna wazazi walivyogawana lugha nyumbani: pale lugha kubwa ya nje ilipotumiwa na wazazi wote wawili, na ile ndogo ikabaki kwa mmoja, nafasi ya mtoto kuizungumza ile ndogo ilipungua. Kwenu Kihakka hakijafika hata hapo pa kubaki kwa mmoja.

Kuna kosa jingine ambalo hukulitaja lakini nalisikia mara kwa mara, nalo ni kudhani kwamba Kihakka ni lahaja ya Kichina tu, kwa hiyo mtoto akishajua Kimandarini ataokota Kihakka ukubwani bila jasho. Lugha hizi mbili zina ukoo mmoja, lakini anayejua moja haelewi nyingine mpaka ajifunze. Neno «mimi» kwa Kimandarini ni wo, kwa Kihakka ni ngai. Kula ni chi kwa upande mmoja, siid kwa upande mwingine. Kihakka kimehifadhi silabi zinazoishia kwa p, t na k ambazo Kimandarini kilishazipoteza, na lafudhi ya Sixian, ambayo ndiyo inayosikika zaidi Miaoli, ina toni sita, yaani miinuko ya sauti inayobadili maana ya neno, dhidi ya nne za Kimandarini. Mtu mzima anaweza kujifunza, na wapo waliofanya hivyo, lakini hatakipata bure.

Umeniandikia kuhusu ukoo mmoja, lakini hali hiyo hiyo iko katika maelfu ya nyumba za Taipei, na pengine mama mkwe atasikitika kidogo tu akijua jinsi ilivyoanza. Chini ya sheria ya kijeshi iliyodumu kuanzia 1949 hadi 1987, Kimandarini kilikuwa lugha pekee iliyoruhusiwa shuleni. Mwanafunzi aliyekamatwa akisema Kihakka, Kihokkien au lugha za wenyeji wa asili alitozwa faini, alichapwa au alivishwa kibao shingoni. Wasomaji waliosoma Kenya enzi za kupokezana kibao kwa kosa la kusema lugha ya nyumbani hawahitaji kuelezwa zaidi. Sheria ya Redio na Televisheni ya 1976 nayo ilitaka lugha hizo zipunguzwe hewani mwaka hadi mwaka, na kifungu hicho kilifutwa 1993 tu. Mtoto aliyepita katika shule hizo alikua, akapata kazi mjini, akazaa, akaamua kwamba mwanawe hatavaa kibao. Uamuzi huo ulikuwa wa mapenzi. Ndio uliofanya mume wako aelewe Kihakka na ajibu kwa Kimandarini.

Hata hivyo, sitaki uelewe kwamba marufuku peke yake ndiyo iliyofanya kazi, kwa maana marufuku imeondoka na lugha inaendelea kupungua. Jiji lina njia zake. Wahakka waliohama Miaoli, Hsinchu na Taoyuan kwenda Taipei kutafuta kazi za viwandani na ofisini walitawanyika wakakaa mlango mmoja mmoja kati ya watu wa lugha nyingine. Sokoni walitumia Kihokkien, kazini Kimandarini, na wengi hawakujitambulisha kabisa kuwa ni Wahakka, hata ikazoeleka kuwaita watu wasioonekana. Wakaoana na wasio Wahakka, kama ilivyo kawaida ya jiji, na lugha ya pamoja ya wanandoa ikawa Kimandarini. Nyumba za ghorofani zilikuwa ndogo, hivyo bibi na babu walibaki mashambani, na pamoja nao wakabaki watu pekee ambao wangemsemesha mtoto kwa Kihakka bila kujilazimisha. Methali aliyokutajia mama mkwe inalinganisha shamba na lugha kana kwamba mtu anaweza kuuza kimoja akabaki na kingine. Mimi naona kwamba kwa Wahakka wa Taipei vilikwenda pamoja.

Msomaji wa Dar es Salaam anaweza kulithibitisha hili bila kusafiri. Kizaramo hakikukutana na marufuku ya kiwango cha Taiwan, na bado watoto wengi wa Wazaramo wa mjini wanakua na Kiswahili peke yake, kwa sababu ndicho kinachomfaa kila mtu uani, dukani na shuleni. Ni vizuri sisi tunaokipenda Kiswahili tukumbuke kwamba mahali pengine ndicho kinachokalia kiti ambacho Kimandarini kimekalia Taipei. Huko Singapore, aliyezindua kampeni ya 1979 ya kuwahimiza Wachina wazungumze Kimandarini badala ya lugha za makwao alikuwa Lee Kuan Yew, ambaye mababu zake walikuwa Wahakka wa Dabu, kusini mwa China.

Tukija kwenye shule, lazima nikiri kwanza kwamba lugha ndogo chache duniani zimefanyiwa na serikali yake kiasi kile Kihakka kilichofanyiwa Taiwan. Desemba 28, 1988 Wahakka waliandamana Taipei kudai warudishiwe lugha yao, wakiwa wamebeba picha ya Sun Yat-sen, mwasisi wa Jamhuri ya China, iliyofunikwa mdomo. Mwaka 2001 liliundwa Baraza la Masuala ya Wahakka lenye hadhi ya wizara, na mwaka huo huo masomo ya lugha za nyumbani yakaingia shule za msingi. Mwaka 2003 ikaanza televisheni ya Kihakka. Mwaka 2010 ikapitishwa Sheria ya Msingi ya Wahakka, ambayo baadaye ilirekebishwa na Kihakka kikatangazwa kuwa mojawapo ya lugha za taifa. Ukipanda treni ya chini ya ardhi utasikia jina la kituo likitajwa kwa Kihakka pia, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2000. Pamoja na yote hayo, uchunguzi wa Baraza lenyewe wa mwaka 2021 ulionyesha kwamba kati ya watu wanaohesabiwa kuwa Wahakka, wanaoweza kukizungumza ni asilimia 38 hivi, wakati mwaka 2016 walikuwa zaidi ya asilimia 46.

Sababu haijajificha. Somo la shule ya msingi ni kipindi kimoja cha dakika 40 kwa wiki. Katika dakika hizo mtoto atajifunza nyimbo, majina ya matunda na salamu ya siid bau mang, yaani umeshakula. Kisha kengele italia na atageuka kumwambia jirani yake kwa Kimandarini amwazime kifutio. Mtangazaji wa treni hamsubiri amjibu. Mtihani wa serikali wa Kihakka, ulioanza 2005, una faida ya kuipa lugha hadhi, lakini nimeona watoto wanaoufaulu ngazi ya kwanza kwa kukariri vitabu vya msamiati na bado wakashindwa kumwomba bibi yao maji. Mpeleke binti yako darasani, ndiyo, asione kwamba lugha ya bibi ni ya bibi peke yake. Ila usikae ukingoja darasa limpe lugha.

Chekechea ni jambo tofauti, na hapa ningekaza macho kama ningekuwa wewe, kwa kuwa Septemba iko karibu. Zipo chekechea zinazoendesha shughuli za siku kwa Kihakka, kwa mfano unaokaribiana na ule wa Wamaori wa New Zealand walioanza mwaka 1982 kuwakusanya watoto wadogo chini ya wazee wanaojua lugha. Nyingi ziko kwenye maeneo ya Wahakka, na Taipei huenda ukahitaji kutafuta. Usiridhike na tangazo. Omba kuingia wakati wa chakula cha mchana, simama karibu na bomba watoto wanaponawa mikono, na sikiliza mwalimu anatumia lugha gani kumwambia mmoja akunje mikono ya shati, mwingine asimsukume mwenzake. Kama Kihakka kinatumika kwenye wimbo wa asubuhi na Kimandarini kwenye bomba, hiyo ni chekechea ya Kimandarini yenye nyimbo za Kihakka. Uliza pia lafudhi. Watu wa Miaoli wengi husema Sixian, wa Hsinchu wengi husema Hailu, na kati ya lafudhi hizo mbili toni mara nyingi zinapishana, moja ikipanda pale ambapo nyingine inashuka. Mtoto akileta nyumbani Hailu kwa bibi wa Sixian, akachekwa, hata kwa mapenzi, ni rahisi anyamaze moja kwa moja. Bora kufuata lafudhi ya bibi, na kama haiwezekani, bibi aombwe mapema asisahihishe toni.

Lakini mwenye ufunguo wa jambo hili ni mume wako. Kihakka chake kipo, kimelala tu. Mtu anayeelewa kila kitu hujiona hawezi kusema kwa sababu anajilinganisha na mama yake, wakati mtoto wa miaka mitatu hahitaji ufasaha wa mama yake. Anahitaji vua viatu, njoo uoge, maji ni ya moto, umeshiba? Nisingemshauri ajitangazie Kihakka kutwa, kwa sababu wanaoanza hivyo huchoka upesi wakaacha. Achague shughuli mbili zinazojirudia kila siku, kwa mfano kuoga na chakula cha jioni, na katika hizo asitumie lugha nyingine kwa mtoto, hata kama sentensi zitakwama na maneno ya Kimandarini yatajipenyeza. Mtoto atamjibu kwa Kimandarini kwa miezi kadhaa. Hilo ni la kawaida, na baba asibadilishe lugha kwa sababu hiyo. Wewe endelea na Kiswahili chako, ninyi wawili endeleeni na Kimandarini chenu. Na ukiokota maneno ya Kihakka kwenye meza hiyo, vizuri, lakini wewe si mwalimu wake.

Nasema hivyo kwa makusudi. Nimeona mara nyingi mke aliyetoka nje akibebeshwa mzigo wa kulinda utamaduni wa ukoo ambao wana wa ukoo wenyewe wameuweka chini. Kama mume wako hataki, ana haki ya kutotaka, lakini basi aseme hivyo mbele ya mama yake, badala ya kunyamaza na kukuacha wewe na Kiswahili chako mhukumiwe. Kumbuka pia tofauti ya hali zenu. Kihakka kina baraza, kina televisheni, kina mamilioni ya watu nyuma yake, hata kama kinapungua. Kiswahili ndani ya nyumba yenu Taipei kina wewe tu, na bibi wa Tanga naye anangoja kuongea na mjukuu wake.

Ni haki yako kuambiwa pia matokeo ya kutarajia. Kama baba atashika shughuli hizo mbili na bibi akamsemesha kwa Kihakka siku chache kila mwezi, pamoja na likizo ndefu za Miaoli, matokeo yanayowezekana zaidi ni mtoto anayeelewa vizuri na kusema kidogo, pengine kama baba yake alivyo sasa. Mkipata chekechea ya kweli, au bibi akahamia kwenu, anaweza kusema bila shida akiwa na miaka mitano, kisha shule ya msingi ikaanza kumvuta upande mwingine. Mimi sikidharau kiwango cha kuelewa: ndicho kinachomwezesha mume wako leo kuwa na kitu cha kuamsha. Ila mama mkwe akitarajia mjukuu wa mjini atakayeongea kama watoto wa Miaoli wa miaka ya 1950, hilo sitaweza kumwahidi.

Kuhusu kumwona mtaalamu ana kwa ana: hukuandika kwamba mtoto ana shida ya kusema, kwa hiyo sioni sababu ya hofu sasa. Unapompima, hesabu maneno ya lugha zote kwa pamoja, kwa kuwa mtoto wa lugha mbili hugawa msamiati wake. Mtoto wa miaka miwili asiyeunganisha maneno mawili katika lugha yoyote, au wa miaka mitatu ambaye hata wanaomlea hawamwelewi, au yeyote aliyepoteza maneno aliyokuwa nayo, au asiyegeuka akiitwa, apelekwe kupimwa masikio kwanza kisha kwa mtaalamu wa tiba ya usemi, wala msingoje mwaka uishe. Mtaalamu akikuagiza uache lugha moja bila kumpima mtoto katika lugha zote anazosikia, tafuta mwingine.

Mama mkwe atakapokuja mwezi ujao, mwache mume wako azungumze naye kwanza, kwa Kihakka chochote alicho nacho. Ombi liwe moja: tangu anapovua viatu mlangoni hadi anapoondoka, amsemeshe mjukuu kwa Kihakka tu, hata mtoto akimtazama bila kuelewa, na asimtafsirie. Siku ya kwanza itakuwa ngumu kwake kuliko kwa mtoto, kwa sababu ameshazoea kumrahisishia. Mwekeeni kazi ya mikono ya kufanya na mtoto, kama kukanda unga wa mchele au kuchambua mboga, kwa kuwa mtu akishika kitu mkononi hakosi la kumwambia aliye karibu naye.